Wito wa Kupotelewa Kwenye Redio

Stockholm, 9 Oktoba 2018

Mama mkubwa Gunvor,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kondoo wameshaingia ndani na mgongo wako umekusamehe baada ya kupasua kuni zote zile. Mimi ni mzima. Jibini ya kahawia uliyonifungia Agosti imekwisha wiki iliyopita. Nilikuwa naikata nyembamba kama karatasi ili isiishe, ikaisha vilevile. Mama naye hajambo huko Västerås. Amestaafu kazi ya jikoni hospitalini, lakini bado anaamka alfajiri kana kwamba kuna wagonjwa wanaongoja uji. Nilipomwambia nitakuandikia, alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema "nisalimie dada yangu," kisha akasema mkate unaungua. Haukuwa ukiungua.

Naandika kwa sababu tangu nyaya za simu zing'olewe bondeni kwenu huwezi kupigiwa, na najua hupandi kilima nyuma ya banda kutafuta mtandao kwa ajili ya mtu yeyote, hata mfalme.

Nilikwambia natengeneza albamu. Kwa miaka sita nimeandika nyimbo za watu wengine. Tunakaa watatu au wanne katika chumba kisicho na dirisha, mmoja anatafuta mapigo kwenye kompyuta, mwingine anatafuta kiitikio, jioni wimbo unatumwa Seoul au Los Angeles, na baada ya miezi namsikia msichana nisiyemjua akilia kwa machozi yangu. Kazi hiyo inanilisha, siilalamikii. Lakini hii ni albamu ya kwanza yenye jina langu, na nimeweka ndani yake kila kitu nilichowahi kukipenda bila kuuliza kama vinapatana: vinanda vya umeme, disko, kwaya ya kanisani, fidla ya babu.

Prodyuza wangu, Jesper, alipoisikia polska ya babu, ile dansi yake ya fidla, kwa mara ya kwanza, aliyanyoosha mapigo yote kwa kompyuta.

"Umeifanya iandamane kama askari," nikamwambia.

"Babu yako alikuwa anachechemea, Tuva."

"Babu yangu alikuwa anachezesha watu, bwana. Pigo la kwanza ni fupi, la pili linawahi, mguu unabaki hewani. Ukinyoosha, wachezaji wote chali."

Tuligombana mpaka wakati wa chakula. Nilishinda.

Sasa jambo lenyewe. Agosti nilikuomba uniimbie wito mmoja wa kuwaita ng'ombe malishoni, wowote. Ulikataa, ukaenda kuwanywesha kondoo, ukarudi, ukasimama kwenye ukingo wa malisho ukiangalia ziwa, ukaita. Simu yangu ilikuwa juu ya nguzo ya uzio, inarekodi. Ulijua, maana ulisema niiondoe kabla mbuzi hajaila. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kimenikaa kifuani tangu siku hiyo. Jesper ameondoa ukimya wa katikati, ameuzungusha wito wako mara nyingi, na chini yake tumeweka ngoma. Ndio umekuwa kiitikio cha wimbo mkubwa kuliko zote. Utapigwa redioni kuanzia tarehe mosi Novemba, hata redio ya huko kwenu.

Nilipaswa kukuomba ruhusa mapema zaidi. Nakuomba sasa. Kama una neno, niandikie. Ukinyamaza nitajua umekubali.

Wako,
Tuva


Lillvallen, 8 Novemba 2018

Mwanangu Tuva,

Marahaba. Kondoo wameingia. Mgongo haujanisamehe, ila tumezoeana. Theluji imeanguka, ikayeyuka, imeanguka tena. Barua yako ilichelewa kwa posta, na ilipofika ilikaa sandukuni kule barabarani mpaka jioni. Redio haikungoja: siku hiyohiyo wimbo ulipigwa.

Hjördis unamjua, jirani wa nyumba ya njano. Ana miaka themanini na minane na masikio mazuri kuliko yangu. Alikuwa anachemsha kahawa, redio iko dirishani. Ukaja wimbo wako. Hakusikia ngoma, hakusikia vinanda. Alisikia wito. Akaiacha kahawa jikoni, akavaa viatu vya mpira, akaingia msituni.

Kahawa iliyoungua ndiyo iliyotuambia. Mimi na Sixten wa dukani tulimkuta kwenye kinamasi, maji yamefika magotini, giza linaanza kushuka.

"Hjördis! Umepotea?"

"Mimi? Mimi natafuta. Aliyepotea ni nani?"

"Hakuna aliyepotea."

"Mbona unaita, basi?"

"Siiti. Niko hapa mbele yako, nimefunga mdomo."

Akanitazama. "Gunvor, sauti yako naijua tangu ukiwa na meno ya utoto. Usinifanye kichaa."

Sixten alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa akimsema kwamba amenenepa, hakuna pa kushika. Amelala siku mbili, sasa ameamka na anatukana, kwa hiyo amepona. Lakini hakuwa peke yake. Yule mzee wa shamba la Nygården, ambaye tangu avunjike nyonga hatoki kwenye kiti, alitoka hadi ngazini na kofia mkononi akauliza nani, wapi.

Huko mjini hamjui, kwa hiyo nakueleza. Kuna wito wa kuwarudisha ng'ombe jioni. Kuna wito wa kuiambia kambi ya malisho ya ng'ambo ya ziwa kwamba wote wamefika. Na kuna wito wa kupotelewa. Huo, anayeusikia anaweka chini alichoshika, anajibu, na anatoka. Sisi utotoni tulichapwa kwa kuuchezea. Ulichokiweka redioni ndio huo. Tena umeurudiarudia kama kengele ya moto, na hujaacha nafasi ya mtu kujibu.

Na unaniambia nikinyamaza nimekubali. Huku kwetu mtu akinyamaza tunakwenda kumtazama kama yu hai.

Sauti yako ni nzuri. Wimbo nao ni mzuri. Wito utoe.

Nimeweka soksi humu ndani.

Gunvor


Stockholm, 19 Novemba 2018

Mama mkubwa,

Shikamoo. Soksi zimenienea. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo, koti mwilini, na nikabaki pale mpaka taa ya ngazi ikajizima yenyewe. Tafadhali mwambie Hjördis naomba radhi. Nimemwagizia maua kupitia kwa Sixten. Najua atasema ni upuuzi kununua maua Novemba.

Wimbo uliokwisha kutoka siwezi kuurudisha, uko kwenye simu za watu. Nimeiomba redio ya kwenu isiupige tena, na wamekubali, ingawa yule niliyezungumza naye aliniuliza mara mbili kama namtania. Lakini albamu bado haijafungwa. Itafungwa mwisho wa Februari. Ukisema wito usiwemo, hautakuwemo. Uamuzi ni wako na nitautii.

Ila niruhusu nikuulize kwanza. Usiku na mchana nimeisikiliza rekodi yenyewe, ile ambayo Jesper hajaikata. Unaita, kisha unanyamaza. Nasikia kola ya koti lako ikisugua shingo, unageuza kichwa kuelekea ziwani. Unangoja. Nzi anapita. Unangoja tena, muda mrefu mpaka naona aibu kusikiliza, kisha unaita upya. Mtu anayemwonyesha mtoto wa mdogo wake mfano hangoji namna ile. Miito iko mingi, umesema mwenyewe. Kwa nini uliita huo? Ulikuwa unamngoja nani?

Jumapili nilikwenda Västerås nikampigia mama ule wimbo. Sikumwambia ni nini. Alikuwa anafuta sahani. Wito ulipoanza, alitembea moja kwa moja hadi mlango wa roshani, akaufungua, ghorofa ya tatu, juu ya maegesho ya magari, kitambaa bado mkononi. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Nikadhani ataimba. Kisha akaiachia ile pumzi, tupu.

"Zima hiyo."

"Mama, ni mama mkubwa ana—"

"Najua ni nani. Zima."

Akamaliza sahani zake. Tukala. Hakusema jambo lingine isipokuwa kwamba viazi vya mwaka huu havina ladha.

Kuna kitu kati yenu wawili ambacho nimekulia pembeni yake, kama watu wanaokulia karibu na kiwanda mpaka hawasikii tena kelele. Sasa nasikia. Sikuulizi kwa ajili ya albamu tu. Au labda ni kwa ajili ya albamu, sijui, siku hizi siwezi kutenganisha.

Wako,
Tuva


Stockholm, 6 Januari 2019

Mama mkubwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Hukujibu. Labda ni posta, labda ni theluji. Najiambia hivyo asubuhi, na jioni sijiambii kitu.

Krismasi nilikuwa kwa mama. Tulikuwa wawili na nyama ya nguruwe ya kutosha watu sita. Kadi yako ilifika, maneno yaleyale ya kila mwaka: "Krismasi njema. Gunvor." Aliisimamisha dirishani nyuma ya mishumaa, uso wake ukiangalia barabarani, kana kwamba imeandikiwa wapita njia. Kila nilipotoka chumbani na kurudi, nilikuta imesogezwa kidogo.

Mwaka mpya nilikuwa nyumbani kwangu peke yangu. Niliwaambia marafiki nina mafua. Nilikaa nikaandika maneno ya wimbo wa mtu fulani wa Oslo, wimbo wa mapenzi, na nikagundua kwamba nimeandika neno "sisi" kwa miaka sita bila kuwa na mtu wa kumaanisha. Naandika haya kwako kwa sababu wewe huwezi kunipigia simu kuniuliza kama niko sawa.

Wito nimeutoa. Nataka ujue kwamba nimeutoa. Jesper alileta mwimbaji kutoka chuo cha muziki, msichana aliyesomea miito ya malishoni mpaka akapata digrii. Mpole, ana sauti safi kama kioo. Aliniuliza, "Unataka mtindo wa mkoa wa Dalarna au wa Härjedalen?" Akaimba mara tatu. Jesper akapiga makofi, kisha akanitazama.

"Nini tena?"

"Hamwiti mtu."

"Tuva, hakuna anayemwita mtu hapa. Hii ni studio."

Nilimlipa yule msichana, nikamshukuru, nikafuta. Sasa wimbo ule umekuwa kama chumba ambacho watu wamehama, alama za picha zimebaki ukutani. Na nyimbo nyingine zote zilikuwa zinaelekea kwenye chumba hicho. Bila wito wako nina nyimbo tisa zisizojua zimekuja kufanya nini. Kampuni ya muziki wanasema tuiachie hivyohivyo, nani atajua. Mimi nitajua. Nafikiri sitaitoa albamu hii. Sisemi hivyo ili nikulazimishe. Nasema kwa sababu ni kweli na hakuna mwingine ninayetaka aijue.

Tuva


Lillvallen, 27 Januari 2019

Mwanangu,

Marahaba, na kwako pia heri ya mwaka. Baridi ni kali, maji yameganda bombani mara mbili, kondoo mmoja amezaa mapema mno na mwanawe yuko hapa kando ya jiko ananitafuna kamba za viatu. Si posta. Nilikuwa naandika na kuchana. Jiko langu limepata barua nyingi kuliko wewe.

Hukosi haki ya kuuliza. Nitasema mara moja.

Tulikuwa na kambi mbili za malisho, moja upande huu wa ziwa, moja upande wa pili. Kiangazi cha 1974 mimi nilikaa huku na ng'ombe wangu, Maj-Lis akakaa kule na wake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mama yako kumi na tisa. Kila jioni niliita kwamba wote wamefika, naye akajibu. Basi. Hatukuwa na mazungumzo mengine wiki nzima. Lakini ukilala, unalala ukijua mwenzako yupo.

Mwezi wa Julai bendi ya dansi ilikuja kupiga kwenye uwanja wa sherehe kule chini. Mpiga besi alikuwa anaitwa Kenneth, kola ya shati imefika mabegani. Mama yako alirudi malishoni akiimba nyimbo za redio. Nilimwambia zinatia ng'ombe kichaa. Akaniambia mimi ndiye ng'ombe.

Baada ya hapo jioni moja mmoja wa ng'ombe wangu, Rosengull, hakurudi. Nikaita wito wa kupotelewa. Hakuna jibu. Nikaita tena, nikangoja. Hakuna. Hapo nikamsahau Rosengull. Niliita mpaka sauti ikakatika, nikaingia kwenye mtumbwi, nikavuka. Nikakuta mlango umefungwa vizuri, ng'ombe wamekamuliwa, maziwa yamechujwa, buti zake hazipo. Baba na wanaume wa kijiji walilipekua ziwa kwa ndoana. Walikuwa bado wanalipekua kadi ya posta ilipofika kutoka Västerås. Yuko na Kenneth, hatarudi kukamua, nisimkasirikie. Nilipokuwa naita alikuwa ameshapanda treni. Rosengull alirudi mwenyewe.

Huyo Kenneth hakudumu hata mpaka Krismasi. Lakini mama yako hakurudi, na mimi sikumwita. Sikuita tena kitu chochote. Kondoo nawaita kwa kugonga ndoo. Wewe ukaja Agosti na simu yako. Nilikwenda kuwanywesha ili nitafute kichwani wito mwingine, wowote. Nilipofungua mdomo ukatoka huo. Sikuuchagua.

Kuhusu albamu yako. Wito wa kupotelewa hauachwi hewani. Ama uutoe, kama ulivyofanya, na tuyaache haya. Ama ujibiwe. Jibu mimi siwezi kukupa. Nalijua kwa kulisikia tu, na kila upande wa ziwa una jibu lake, mtu haimbi la mwenzake. Anayeliweza ni mmoja, na simwandikii.

Usinijibu haraka.

Gunvor


Stockholm, 3 Machi 2019

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mwanakondoo amehamia zizini na kamba za viatu vyako zimepona. Hapa theluji imekuwa tope. Sikujibu haraka, kama ulivyosema. Tarehe ya kufunga albamu imepita, nimeomba wanisogezee, na wamenisogezea mpaka mwisho wa mwezi huu wakiwa wamenuna.

Nilikwenda Västerås mara tatu. Mara ya kwanza mama alisema mambo ya ng'ombe ameyasahau.

"Pale mlangoni mwa roshani hukuonekana umesahau."

"Usinichunguze, Tuva. Umesoma sana wewe, kila kitu kwako lazima kiwe na maana."

Mara ya pili nilimsomea barua yako. Sikukuomba ruhusa kwa hilo pia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuoga, akakaa bafuni mpaka nikagonga mlango. Mara ya tatu alinifungulia akiwa ameshavaa koti.

"Una gari?"

"Nimekuja na la Jesper."

"Twende mbali. Hapa majirani wataita polisi."

Tulikwenda kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji. Jumapili, hapakuwa na mtu. Alisema nimpe kisogo, nikampa. Akajaribu, akakohoa, akajaribu tena, akacheka kwa uchungu. "Miaka sitini na mitatu. Natoa sauti ya bata." Nikamwambia aendelee. Akakaa kwenye kiti cha gari, miguu nje, akawasha sigara, na ndipo akasema hili ninalolazimika kukuandikia, kwa sababu aliniambia nikuandikie. Alisema yeye hawezi, mkono unakataa.

Hakuwa kwenye treni. Alikuwa barabarani, juu ya ng'ambo ya ziwa, buti mguuni, na gari la Kenneth linanguruma. Alikusikia. Alisikia wito wa kwanza na wa pili. "Kama ningejibu, ningelazimika kurudi," alisema. "Ndivyo ilivyo. Ukijibu, unakwenda. Nilikuwa na pumzi kifuani, Tuva, nimeshaivuta. Nikaingia garini, nikapandisha kioo."

Mimi hulipwa kupanga maneno ya watu walioachana. Nikamshika begani, akaniacha nimshike.

Kisha akasema, "Siwezi kujibu kitu ambacho hakijaita. Weka yake. Ile nzima."

Nikafungua milango yote minne nikaweka rekodi ya malishoni kwa sauti ya juu. Ukaita kutoka kwenye lile gari, kokoto zikakurudishia. Ukanyamaza. Nikasikia kola yako. Na mama akajibu. Si sauti nzuri. Imepasuka kwa sigara na mvuke wa masufuria, na pale juu inakosea. Lakini iliingia ndani ya ule ukimya wako na ikauenea. Aliponyamaza yeye, uliita tena palepale, bila kuchelewa. Miaka yote hii umeendelea kumwachia nafasi yake, kipimo kilekile.

Nilimpelekea Jesper.

"Mapigo yako wapi?"

"Hapo hakuna mapigo."

"Redio hawataupiga wimbo unaosimama katikati, watu wanasikiliza nzi."

"Wasiupige."

Akaisikiliza tena. Akavua spika za masikioni, akatoka kwenda kutengeneza kahawa, na aliporudi hakuizungumzia tena, alinisaidia tu kupunguza kelele za upepo. Kampuni wamesema wimbo huo ukibaki hivyo hawatautangaza. Ubaki hivyo. Ngoma zinakuja baadaye, mnapomaliza nyinyi wawili, na zinakuja na mguu hewani, kama za babu.

Nimekuwekea sidii humu. Najua huna mashine, lakini Sixten anayo kwenye gari la duka. Sikiliza, kisha nijibu ndiyo au hapana. Ukisema hapana, naifuta mbele ya mama, na sitakuuliza tena. Ukinyamaza, safari hii, nitakuja kukutazama kama uko hai.

Wako,
Tuva


Lillvallen, 17 Machi 2019

Mwanangu Tuva,

Marahaba. Mwanakondoo yuko zizini na mama yake amemkubali, baada ya kumpiga pembe mara kadhaa kwanza. Mchana jua linayeyusha theluji, usiku inaganda upya. Kuni zinatosha.

Sixten alikuja na gari. Nilimwambia aweke ile sidii kisha atoke nje. Akasema ni gari lake na nje kuna baridi. Nikamwambia atoke. Akasimama kwenye theluji akijifanya anakagua magurudumu.

Mama yako anakosea pale juu. Alikosea hivyohivyo akiwa na miaka tisa, na bibi yetu alimwambia, na hakusikia. Usimruhusu yule Jesper apanyooshe.

Sasa mimi nami. Treni niliitunga mwenyewe, mwanangu, kwa ajili ya baba. Jioni ile upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Nilijua lazima alisikia. Ndiyo maana niliwatoa wanaume wote kulipekua ziwa: sikuweza kufikiria mtu anayesikia akanyamaza, isipokuwa amekufa. Kadi ilipofika, baba aliuliza inawezekanaje hakunisikia. Nikasema alikuwa ameshapanda treni. Baada ya kulisema kwa baba nikalisema kwa watu wote, na mwishoni karibu niliamini. Kwa hiyo alichokuandikisha si habari mpya kwangu. Kipya ni kwamba amekisema.

Jibu langu ni ndiyo. Uweke. Usiandike jina langu kwa herufi kubwa.

Lakini hujui yote, maana hakuna aliyekufundisha. Baada ya jibu kuna kitu cha tatu. Aliyejibu anasema yuko wapi, na aliyeita anamwambia njia iliyo wazi. Hapo ndipo mambo yanaisha. Hilo haliwezi kuimbwa kwenye machimbo ya kokoto.

Basi la kuja kwetu ni Jumanne na Ijumaa. Usimwambie nimesema aje. Mwambie tu siku za basi.

Gunvor